Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Duka la Spea

Dada yangu mkubwa hupeleka watoto shule. Tangu alipofiwa na mumewe, gari lake la abiria wanane, lililotoka Japani likiwa tayari limetumika, ndilo linalolipa pango, ada na unga. Alfajiri huzunguka mitaa miwili kuwakusanya watoto, na mchana huwarejesha kwao. Gari likilala gereji siku moja wazazi humvumilia. Likilala siku tatu hutafuta gari jingine, na huwezi kuwalaumu.

Mwanzoni mwa muhula uliopita iliwaka kwenye dashibodi ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini. Fundi wa jirani alichomeka mashine yake, akasoma, kisha akamwambia, "Mama, gari lina kodi." Dada alinipigia simu akiwa na hofu, kwani alidhani gari linadaiwa na serikali. Nilicheka, nikamweleza kwamba mafundi wetu husema kodi wakikusudia msimbo, yaani herufi na tarakimu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapoona jambo lisilo la kawaida. Msimbo wenyewe ulikuwa P0171. Fundi alisema ni kihisi cha oksijeni, kile ambacho gereji hukiita sensa. Nami nikafungua simu, nikasoma mistari miwili mitatu, nikaona oksijeni imetajwa, nikamwambia dada, "Nunua." Nikamkopesha nusu ya fedha.

Kicheko changu kiliishia hapo. Kihisi kipya kilifungwa, msimbo ukafutwa, taa ikazimika. Siku ya nne ikawaka tena, na msimbo ni uleule. Gereji ya pili ikasema ni pampu ya mafuta. Ikafungwa pampu ya mtumba, na taa ikarudi. Gereji ya tatu ikatamka neno lililomtoa dada machozi: masega. Kwa asiyejua, masega ni kile chombo kilichomo katika bomba la moshi, chenye vitundu mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu ili kuusafisha moshi kabla haujatoka. Bei yake si ya kuulizia huku umesimama. Usiku huo dada alikuja nyumbani baada ya Isha, akaketi barazani, akaweka stakabadhi mbili mbele yangu na kusema, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesema ninunue. Haya niambie, na hili nalo ninunue?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa ushauri katika jambo nisilolijua, na mjane ndiye aliyelipa.

Tangu siku ile nimejifunza kidogo habari ya misimbo hii, na ninaandika ili familia nyingine isilipie ujinga wa ndugu yake.

Asili ya jambo hili ni moshi wa California. Jimbo lile la Marekani lilikuwa limesumbuliwa mno na hewa chafu ya magari, na mamlaka yake ya hewa ikawalazimisha watengenezaji, kuanzia magari ya mwaka 1988, waweke ndani ya gari mfumo wa kujichunguza wenyewe. Kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, hata fundi akahitaji mashine nyingi. Kuanzia magari ya mwaka 1996 ikaamriwa Marekani nzima kwamba magari madogo yote mapya yawe na tundu la namna moja lenye nafasi 16 za pini, na misimbo ya namna moja. Ulaya ikafuata, magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Basi tundu lile lililo chini ya usukani halikuwekwa hapo kwanza kwa ajili ya kumwonyesha fundi kifaa cha kubadilisha. Liliwekwa kulinda hewa. Kompyuta huwasha taa inapoona kwamba moshi umekuwa mchafu au unaelekea kuwa mchafu, na sababu ya kuwa hivyo humwachia mwanadamu aitafute.

Tuutazame msimbo wa dada. Herufi P ni injini na gia. Zipo pia B ya bodi, C ya chasisi, na U ya mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza, 0, maana yake ni msimbo wa watengenezaji wote. Ingekuwa 1 ungekuwa wa kiwanda chenyewe, na msimbo mmoja wa P1 waweza kuwa na maana mbili tofauti katika magari mawili, kwa hiyo usikubali tafsiri ya gari la mwenzio. Tarakimu inayofuata, 1, ni upimaji wa hewa na mafuta. 3 ingekuwa uchomaji, 4 usafishaji wa moshi, 7 gia. Mbili za mwisho hutaja jambo lenyewe. Kwa jumla P0171 yasema: mchanganyiko unaoingia katika injini una hewa nyingi kuliko mafuta yanavyostahili. Hakuna mahali, ndugu msomaji, palipotajwa jina la kifaa cha kununua.

Na kihisi cha oksijeni kiliingiaje? Kimekaa katika bomba la moshi, na kazi yake ni kueleza ni kiasi gani cha oksijeni kimebaki baada ya kuungua. Petroli huungua vyema kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Kihisi kikiona oksijeni imezidi, humwarifu bwana mkubwa, naye huongeza mafuta. Hewa ikiendelea kuzidi huongeza tena, huku akiweka hesabu ya nyongeza hiyo kwa asilimia. Mafundi hodari huisoma hesabu hiyo katika mashine, nasi tuiite marekebisho ya mafuta. Gari lenye afya hucheza karibu na sifuri, kidogo juu na kidogo chini. Nyongeza ikipanda sana, mathalan kufikia asilimia 25, kompyuta husema: nimefika mwisho wa uwezo wangu. Hapo ndipo P0171 huandikwa.

Kwa hiyo kihisi kile cha zamani kilikuwa kikisema kweli tangu siku ya kwanza. Tulimfukuza shahidi, tukamleta mwingine kwa fedha za mkopo, naye akatoa ushahidi uleule. Katika hukumu tulizosoma chuoni, shahidi hukaa mahali pake na kadhi mahali pake. Sisi tuliwachanganya.

Asubuhi iliyofuata tulimwendea mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa magari ya abiria, ambaye sasa hufanya kazi chini ya mwembe nyumbani kwake. Tulimpa shikamoo, tukamweleza habari yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo gereji tatu hazikuuliza: "Binti yangu, siku taa ilipowaka ulikuwa mwendoni au umesimama?" Dada hakukumbuka. Mzee akasema si neno, gari linakumbuka. Kumbe kompyuta inapohifadhi msimbo huhifadhi pia picha ya saa ile: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, na hayo marekebisho ya mafuta. Alipoifungua ilisema mwendo ni 0, mizunguko ni 700, maji yana nyuzi 88. Dada akashika kichwa. "Ni getini kwa shule," akasema. "Hapo ndipo ninaposubiri nikiwa sijazima injini." Picha kama hiyo ilikuwapo tangu mara ya kwanza, lakini kila gereji iliyofuta msimbo iliifuta na picha yake.

Mzee akawasha injini, akaacha ipate moto, akatazama namba zikicheza. Gari likiwa limesimama nyongeza ya mafuta ilikuwa asilimia 22. Akamwambia dada akanyage taratibu mpaka mizunguko 2,500 na atulie hapo. Baada ya dakika moja ilikuwa imeshuka hadi 5. Akaifunga mashine, akasema, "Hewa inaingia kwa mlango wa uani."

Nilimwomba anifafanulie, naye alinifafanulia kwa subira. Hewa ya halali hupita kwenye chujio, kisha kwenye kihisi kinachoihesabu. Ikiwa baada ya hapo kuna ufa, huingia hewa ambayo haikuhesabiwa. Injini ikiwa imesimama huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi huwa sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, injini huvuta hewa nyingi, na ile ya ufa huwa kama kikombe ndani ya pipa. Lau pampu ingekuwa dhaifu, mambo yangekuwa kinyume: shida ingekuwa ndogo gari likisimama na ingekua linapopanda mlima limebeba watoto. Namba mbili tu, na pampu ikawa imeachiwa huru. Ile ya mtumba iliyonunuliwa bure bado imo garini, na wallahi kila nikiisikia ikilia huona haya.

Akazima injini, akaleta kopo alilojitengenezea la kufukizia moshi, akaupeleka moshi katika njia ya hewa. Ukatoka chini ya mpira mmoja mnene kama kidole gumba, ule unaorudisha mvuke wa ndani ya injini uende ukaungue tena. Kwa juu ulikuwa mzima, unang'aa. Kwa chini, upande usioonekana ila kwa kioo, ulikuwa umepasuka kwa uzee na joto. Mpira na klipu zake mbili viligharimu chini ya alichokipoteza dada kwa siku moja ya kutobeba watoto. Kabla ya adhuhuri nyongeza ilikuwa 3.

Mzee alitoza ada ya kupima, mbali na mpira. Dada alilipa bila kuomba apunguziwe. Hapa nina neno kwetu sisi wateja. Tumezoea kukataa kulipia upimaji: tunamwambia fundi, "Kutazama tu nako unatoza?" Matokeo yake fundi anajua kwamba saa nzima ya kutafuta haina malipo, ila spea ina chake ndani yake. Basi hutafuta kidogo na hubadilisha sana. Mafundi wetu wengi si wezi. Walijifunza kazi kwa mikono kabla mashine hizi hazijafika, na tunawalipa kwa namna inayowasukuma kwenye duka. Atakayesema, "Nitakulipa upimaji wako hata kama hutanifungia kitu," atashangaa jinsi fundi yuleyule anavyobadilika.

Njia ile ya mzee hufaa misimbo mingine pia. P0301 ni silinda ya kwanza kutochoma vyema, kile ambacho mafundi husema gari linamisi. Kwa injini yenye koili moja juu ya kila plagi, fundi mwangalifu huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili, kisha husoma tena. Msimbo ukigeuka kuwa P0302, mwenye kosa ni koili, na jaribio halikugharimu shilingi. Ukibaki P0301, huhamishwa plagi, kisha hutazamwa nozeli na mgandamizo. P0113 mara nyingi hutokea gari limetoka tu kubadilishiwa chujio la hewa, na sababu ni soketi ya kihisi cha joto la hewa ambayo haikurudishwa mahali pake. Na misimbo mingi ya U ikitokea kwa pamoja, pima betri na nyaya zake za ardhi kwanza, kwa sababu kompyuta zenye njaa ya umeme hulalamikiana ovyo.

P0420 ndio unaoua bajeti, kwa kuwa ndio unaotaja masega. Hata hapo kompyuta haikuyaona masega. Imelinganisha vihisi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, ikaona havitofautiani inavyopasa. Tundu katika bomba la moshi laweza kuidanganya. Na masega hayafi bure: mara nyingi yameuawa na kumisi kwa muda mrefu au na oili inayoungua. Ukiyakuta P0301 na P0420 pamoja, tibu kumisi kwanza. Atakayefunga masega mapya juu ya injini inayomisi atayazika nayo.

Jambo moja la hatari nisilipite. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, mara nyingi waweza kufika nyumbani kwa mwendo wa pole na kupima kesho. Ikiwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo, injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli isiyoungua ndani ya masega, nayo huweza kuwa mekundu kwa moto. Punguza mwendo, toka barabarani mahali salama, usiendelee na safari. Ama taa nyekundu ya oili au joto kupanda, hilo si suala la msimbo: simama na uzime injini papo hapo.

Wapo watakaouliza kuhusu kununua gari la mkononi. Kufuta msimbo ni kazi ya sekunde chache, na kuna wauzaji wanaofuta asubuhi ya siku ya mnunuzi. Taa haitarudi mara moja, kwa kuwa makosa mengi ya moshi sharti yaonekane katika safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake. Kwa hiyo kwanza zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa lazima iwake, kisha izimike injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa. Pili, mwambie fundi wako asome majaribio ya ndani, yale ambayo kompyuta huyafanya yenyewe gari likitembea. Mengi yakiwa hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilitolewa. Magari mengi hutaja pia kilomita zilizotembewa tangu kufutwa. Usimrukie muuzaji kwa tuhuma, huenda betri ilikufa kweli. Muulize, na mwombe muda gari litembee siku mbili tatu, kisha lipimwe tena. Muuzaji anayejua aibu ya gari lake na akaifuta ili isionekane, huyo hukumu yake tunaijua, na mnunuzi ana hiyari ya kulirudisha.

Vifaa vidogo vya kusomea vinavyounganishwa na simu vinapatikana sasa kwa bei ya kawaida, na kwa familia yenye gari la kazi naviona vina manufaa, hata kama ni kwa kuandika msimbo na picha ya tukio kabla ya kwenda gereji. Ila kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa. Magari mengi yetu yaliundwa kwa soko la ndani la Japani, na tundu lenye nafasi 16 si hakikisho kwamba kifaa na gari vitasikilizana. Wenye Toyota za zamani hawana haja ya mashine: fundi huunganisha matundu mawili, TE1 na E1, ndani ya kisanduku kilicho chini ya boneti, kisha huhesabu taa inavyopepesa. Mipepeso miwili, kituo, mipepeso miwili tena ni 22, kihisi cha joto la maji au waya wake. Usijaribu peke yako, maana tundu la kando laweza kukuunguzia kitu.

Dada sasa ana daftari ndani ya gari. Taa ikiwaka huandika tarehe, mahali, na kama injini ilikuwa baridi au moto, na hakuna fundi anayeruhusiwa kufuta msimbo kabla haujanakiliwa humo. Tangu mpira ule ufungwe ameandika mara moja tu, na ilikuwa kifuniko cha tangi ambacho kijana wa kituo cha mafuta hakukikaza. Deni la nusu ya kihisi nimelifuta, kwa kuwa ushauri ulikuwa wangu.

Waliouliza juu ya taa ya ABS, misimbo yake aghalabu huanza na herufi C, na vifaa vingi vya bei nafuu havizisomi. Hiyo tutaizungumza juma lijalo, inshaallah.